Kutafuta sayari usiku wa Juni, Nyanda za Juu Kusini

Juni ndio mwezi wa kutazama anga kwa watu wa Mbeya, Iringa na Njombe. Mvua imekatika, na moshi wa kuchoma mashamba bado haujatanda. Chagua siku kuanzia juma moja kabla ya mwezi kuandama hadi siku tatu baadaye, upate jioni zenye giza. Mbeya jua huzama kama saa 12:35 jioni, na giza hukamilika karibu saa 1:45 usiku. Panda kwenye mteremko, kwani ukungu hukaa mabondeni. Vaa koti zito na soksi mbili; kwenye uwanda wa juu wa Kitulo hata umande huganda kuwa barafu usiku.

Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Ukiwasha simu mara moja tu, unaanza upya. Tochi ifunikwe kwa kitambaa chekundu.

Usihangaike na anga zima. Sayari hupita katika mkanda uleule unaopitwa na Jua na Mwezi. Saa 2 usiku elekea kusini, uuone Msalaba wa Kusini umesimama kama ngumi nne juu ya upeo wa macho (ngumi moja, mkono ukiwa umenyooshwa, ni takriban nyuzi 10). Huo ni wa kukupa mwelekeo tu, sayari hazifiki huko. Sasa inua uso: nyota nyeupe karibu na utosi, mashariki kidogo, ni Spica. Kusini-mashariki, ngumi tatu na zaidi juu ya upeo, kuna nyota nyekundu, Antares, moyo wa kundi la nyota liitwalo Nge. Vuta mstari kutoka Antares, upite Spica, ushuke hadi pale jua lilipozama. Upande wa magharibi mstari huo unapita karibu na Regulus, na chini kabisa pacha wawili, Castor na Pollux, wanakaribia kuzama. Zikariri nyota hizo tano. Taa nyingine yoyote kali iliyotulia kandokando ya mstari huo, karibu hakika ni sayari.

Nyota humeta kwa sababu ni nukta tu ya mwanga, na hewa huiyumbisha kirahisi. Sayari ni kiduara kidogo, mwanga wake hutulia. Lakini chini ya ngumi mbili kutoka upeo hata sayari humeta, kwa hiyo ikiwa mashariki subiri ipande. Kosa la kawaida ni kudhani Antares ni Mirihi, sayari nyekundu. Itazame kwa makini: Antares iko kati ya nyota mbili hafifu, moja kila upande.

Darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele ni milimita 50) inatosha kuona miezi minne ya Mshtarii, mradi uiegemeze kwenye nguzo ya uzio. Ukiishika mkononi, picha inacheza. Pete za Zohali zinataka teleskopu inayokuza mara 25 au zaidi. Kabla ya kuingia ndani penye joto, ifunge darubini kwenye mfuko wa plastiki hadi ipate joto, la sivyo lenzi zitalowa. Zikilowa, ziache zikauke zenyewe. Kuzifuta kwa khanga huzikwaruza.

Sayari isipoonekana jioni, huenda ni ya alfajiri. Mwishoni mwa Juni Kilimia, kishada cha nyota ndogo, huchomoza kaskazini-mashariki kabla ya saa 11 alfajiri, kikiwa kando ya mkanda uleule. Anzia hapo, kisha panda kwa macho kuelekea utosini na ushuke magharibi, kabla hapajapambazuka.