Dawa ya nyanya na samaki wa ziwani: jinsi ya kupima hatari kabla hujanunua

Nafuga sato kwenye vizimba huku Luchelele, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, na mteremko wa juu yetu una bustani za nyanya na kabichi. Majirani wakipata dawa mpya huniletea chupa niiangalie, nami huiangalia kwa makini maana mvua ikinyesha kila kitu kinashuka ziwani.

Kwanza lebo. Tafuta mchoro wa samaki aliyekufa pembeni ya mti mkavu. Ule mkanda wa rangi chini ya lebo usikudanganye: unaonyesha ukali wa dawa kwa binadamu. Dawa yenye mkanda wa bluu inaweza kumaliza samaki.

Kisha mwombe muuza pembejeo karatasi ya taarifa za usalama, ufungue sehemu ya 12. Utaona LC50 ya samaki kwa saa 96, yaani kiasi kinachoua nusu ya samaki waliojaribiwa, halafu EC50, kiasi kinacholemaza nusu ya dafnia, kidudu kidogo cha majini, kwa saa 48, na ya mwani, kiasi kinachopunguza ukuaji wake kwa nusu, kwa saa 72. Namba ikiwa ndogo, hatari ni kubwa. Wengi husoma kinyume. Shika ile ndogo kuliko zote, hata kama si ya samaki, kwa sababu vifaranga vya samaki hula hao wadudu wadogo. Miligramu 1 kwa lita au pungufu ni sumu kali mno. 1 hadi 10 ni kali. 10 hadi 100 bado ina madhara.

Sasa piga hesabu. Chukua lambda-cyhalothrin ya asilimia 5, dawa ya wadudu inayopulizwa sana kwenye pamba na mboga. Kizibo cha mililita 10 kina miligramu 500 za sumu yenyewe. LC50 yake kwa baadhi ya samaki ni kama mikrogramu 0.2 (miligramu 0.0002) kwa lita. Ukigawanya unapata lita milioni 2.5 za maji yanayoweza kuua nusu ya samaki hao: bwawa la mita 50 kwa 50, kina mita moja. Kizibo kimoja! Ni kweli tope hunasa sehemu kubwa ya dawa hii, lakini vizimba vilivyo karibu na ufukwe havisubiri tope lifanye kazi.

Sehemu hiyohiyo ya 12 inaonyesha kama dawa inaoza: asilimia 60 hadi 70 ndani ya siku 28 ni nzuri. Log Kow, kipimo cha jinsi dawa inavyopenda mafuta kuliko maji, ikiwa 4 au zaidi ni ishara kwamba huenda ikajikusanya kwenye mafuta ya samaki. Shaba ya dawa za ukungu haiozi kabisa. Soma pia namba za bidhaa nzima, maana baadhi ya dawa za magugu za glyphosate zina viambato vya kulowanisha majani vinavyodhuru samaki kuliko glyphosate yenyewe.

Namba ikiwa mbaya, tafuta dawa nyingine. Ukikosa, heshimu mita 60 kutoka ziwani zilizowekwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, usipulize wingu likiwa limefunga, na maji ya kusuuzia bomba uyapulizie shambani humohumo. Tafadhali usilioshee ufukweni.

Samaki wakianza kuelea, chota maji saa hiyohiyo kwa chupa safi ya kioo na uweke samaki kwenye barafu. Ukingoja kesho, dawa za aina hii zinaweza kuwa zimeshatoweka majini na maabara isione kitu.