Kushona kifuniko cha bwawa la fremu: anza na mvua

Mteja akija karakana kwangu, Ngamiani hapa Tanga, huwa na kipimo kimoja tu. "Fundi, bwawa langu ni mita nne na nusu na kitu, nikatie duara nikafunike." Namjibu, "Duara nitakukatia, baba, lakini masika yakianza utarudi kunigombeza." Kifuniko cha bwawa hakianzi na ukubwa wa bwawa. Kinaanza na maji yatakayotaka kukaa juu yake.

Nazungumzia yale mabwawa yanayosimamishwa uani, juu ya ardhi: mabomba ya chuma yaliyounganishwa, mfuko mnene wa plastiki ndani yake, pampu ndogo pembeni. Kazi yangu hasa ni maturubai ya malori. Mabwawa naletewa na nyumba za wageni, shule za chekechea na familia za kule Raskazone. Nitatumia saizi ninayokutana nayo zaidi, duara la sentimita 457 lenye kimo cha sentimita 122. La kwako likiwa tofauti, badilisha tarakimu, njia ni ileile.

Piga hesabu kwanza. Duara hilo lina eneo la mita za mraba 16.4. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu mwezi wa Aprili haimshangazi mtu, inamwaga hapo lita 820, yaani kilo 820. Turubai lililotandazwa bapa litabonyea katikati, maji yatakimbilia hapo, litabonyea zaidi, na kamba zote zitaanza kuyavuta mabomba ya juu kuelekea ndani. Fremu ya bwawa imeundwa kuhimili maji yanayoisukuma kwenda nje. Kuvutwa kwenda ndani haikuzoea. Mguu mmoja ukipinda, zaidi ya tani 15 za maji zitatafuta njia ya kuingia sebuleni.

Na hata pasipovunjika kitu, dimbwi lile ni kitalu cha mbu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hivi kwenye joto letu, na mbu wa dengue anapenda maji machache yaliyotulia karibu na watu. Waliokuwa Tanga au Dar es Salaam mwaka 2019 wanaijua homa hiyo vizuri.

Mgongo

Dawa ni kulipatia turubai mgongo, lisimame kama paa la msonge, maji yateremke yenyewe. Nchi za baridi huweka mto wa upepo chini ya kifuniko kwa sababu ya barafu. Sisi tunatumia tyubu za lori.

Tafuta tyubu mbili za saizi ya 1000-20. Zenye viraka hazina neno, ilimradi zinashika upepo. Zisugue kwa sabuni mpaka maji ya kusuuzia yawe meupe, la sivyo zitatia weusi kwenye bwawa. Zipandanishe moja juu ya nyingine, zifunge pamoja sehemu sita kwa mikanda ya kitambaa. Usitumie waya hata kidogo. Pua za kujazia upepo zielekee katikati na uzizungushie mpira, maana pua ya chuma inayotazama juu itatoboa kifuniko, na inayotazama chini itakwaruza mfuko wa bwawa siku utakapopunguza maji. Zijaze upepo wa kiasi. Jua la saa nane mchana litautanua.

Ziweke majini, kisha zishikilie katikati kwa kamba nne kwenda kwenye miguu minne ya bwawa inayotazamana. Maji yakiwa sentimita 12 hivi chini ya bomba la juu, mgongo wa tyubu utapanda kama sentimita 40 juu ya bomba. Usiniamini, pima: vuta uzi kutoka bomba hadi bomba la ng'ambo, upite kando ya tyubu, upime kutoka kwenye uzi hadi juu ya tyubu. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua ukataji wote.

Pima pia upana, kutoka nje ya bomba hadi nje ya bomba, mara mbili kwa msalaba, bwawa likiwa limejaa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya bwawa lililosimama sakafu bapa ya kiwandani. La uani kwako huenda limekaa yai kidogo.

Kitambaa

Turubai la bluu la kusukwa, lile la kufunikia mahindi, ni rahisi bei na jua litalimenya mapema. Chukua turubai la PVC la malori, la gramu 650 kwa mita ya mraba. Lipo la gramu 900, ila kifuniko kizima kitakuwa na mita za mraba kama 25, sasa fikiria mwenyewe: la 650 linakupa kilo 16, la 900 linapita kilo 22, na hapo kila siku ya kuogelea utatafuta vibarua. Kifuniko kizito huishia kuachwa nje ya bwawa.

Rangi iwe ya mwanga, kijivu au krimu. Nyeusi na bluu iliyoiva zinanyonya jua, maji yanapata moto, na maji ya moto yanakula klorini na kulea ukijani. Lakini hiyo rangi ya mwanga isipitishe mwanga! Dukani, weka tochi ya simu nyuma ya kitambaa. Ukiona duara la tochi waziwazi, rudisha. Jua ndilo linaloteketeza klorini ya bwawa kwa kasi na ndilo linalootesha mwani, na kulizuia ni nusu ya faida ya kifuniko hiki.

Kukata

Hapa ndipo wengi wanapokwama, hata mafundi wenzangu. Ukikata duara bapa la sentimita 457, ukaliinua katikati, litakuwa fupi. Ukiliongeza urefu, pembeni litakuwa na ziada inayojikunja mifereji, na kila mfereji unashika maji.

Anzia katikati. Hadi ukingo wa tyubu ni sentimita 50, bapa. Kutoka hapo hadi bomba, kwa mlalo, ni sentimita 178.5, na mteremko unashuka sentimita 40. Ukitumia kanuni ya pembetatu mraba tuliyofundishwa shule, urefu wa mteremko unakuja sentimita 183. Jumla, kutoka kitovu hadi bomba, ni sentimita 233 za kitambaa. Ongeza 4 za kuungia sketi, yaani ule ukanda utakaoning'inia nje ya bomba: 237. Hiyo ndiyo kamba ya kuchorea duara, na chaki mwisho wake.

Sasa ile ziada. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 233 lina mzingo wa mita 14.64, na bomba lako lina mita 14.36. Zimezidi sentimita 28. Zigawe mara nane: pembetatu nane nyembamba, kila moja na upana wa sentimita 3.5 pembeni, ikichongoka mpaka kuisha kwenye ukingo wa tyubu. Kunja, unga. Wanaoshona magauni wanajua ninachosema, ndivyo wanavyobana kiuno. Ukimaliza zote nane, kitambaa chenyewe kitakataa kulala bapa sakafuni, na hapo ujue umepatia.

Robota la upana wa mita 2.5 linatosha kwa vipande viwili vya mita 4.75 vilivyopandana sentimita 5. Sketi inatoka kwenye mita 3 nyingine: kata mikanda mitano ya upana wa sentimita 50, iunganishe, utapata mzunguko mzima na akiba kidogo. Katika hizo 50, nne zinaenda kwenye kiungo, 36 zinaning'inia, kumi ni upindo. Nunua mita 13.

Kuunga, mashine ya hewa ya moto ndiyo bora. Jaribu kwanza kwenye vipande vya takataka: kikipoa, vuta kwa nguvu, kiungo kizuri kinachana nyuzi za kitambaa kabla hakijaachia. Kama huna mashine, shona kwa cherehani la makochi, uzi mzito wa poliesta, mistari miwili, na upake gundi ya PVC juu ya matundu ya sindano. Ukingo wa duara ukae juu, sketi iingie chini yake, maji yasikutane na mdomo uliofunguka.

Kufunga

Ndani ya upindo pitisha kamba ya poliesta. Mimi ni mtu wa Tanga, mji uliolelewa na katani, na bado nakwambia usiweke kamba ya katani hapa: ikiloa inafupika na kukaza, ikikauka inalegea, ikikaa na unyevu inaoza. Nailoni nayo inavutika.

Piga pete za shaba kwenye upindo, moja mbele ya kila mguu wa bwawa na moja katikati ya miguu miwili, kila pete ikiwa na kiraka cha kitambaa nyuma yake. Kutoka kwenye pete shusha mipira ya tyubu, ile ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, uifunge chini kabisa kwenye mguu. Ile ya katikati igawanye miguu miwili kwa mtindo wa V. Kinachotakiwa ni mvuto wa kwenda chini. Upepo wa kusi ukipiga, mpira unatii na kurudi, mahali ambapo kamba ngumu ingeng'oa pete. Mipira ikianza kupasuka nyufa, badilisha, ni ya bei ya chini.

Kwenye maungio ya mabomba, yale yenye umbo la T, visha kipande cha mpira wa bustani kilichopasuliwa. Bila hivyo kifuniko kitatoboka hapo kabla ya kwingine kokote.

Watoto

Bibi mmoja wa chekechea aliniuliza, "Sasa mwanangu, kama hakizuii mtoto, nakulipa kwa kitu gani?" Nikamwambia, "Unanilipia majani, mbu na dawa, mama. Mtoto anazuiwa na ngazi iliyofungiwa stoo."

Marekani wana kipimo kinachoitwa ASTM F1346. Kifuniko cha usalama cha bwawa linalozidi upana wa mita 2.4 kinatakiwa kihimili kilo 220, yaani watu wazima wawili na mtoto. Hiki chetu hakifiki huko, na fremu yenyewe haina uwezo wa kukishikilia. Mtoto akipanda juu yake kitabonyea naye. Kwa hiyo usimwambie mtu yeyote kwamba bwawa ni salama kwa kuwa limefunikwa.

Ukuta wa sentimita 122 ndio uzio wako, almradi hakuna cha kukwelea. Ngazi itoke kila mnapomaliza kuogelea. Kreti za soda, viti vya plastiki, ndoo, boksi la pampu kama linahamishika, vyote visogee mbali na ukuta. Na ukifungua kifuniko, kifungue chote. Cha nusu ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu anayeteleza chini ya turubai haonekani na akiibuka anakuta dari.

Baada ya hapo ni mambo madogo. Ukitia klorini nyingi ya kusafishia, acha bwawa wazi usiku huo; mvuke ukifungiwa chini ya turubai unalikausha turubai na kulipasua. Andika herufi kwa rangi kwenye upindo na herufi hiyohiyo kwenye mguu wake, maana duara lililozungushwa mguu mmoja tu halikai tena sawa. Likiwa halitumiki, lining'inize juu ya boriti likiwa kavu, kwani panya wanapenda mikunjo.

Mvua kubwa ya kwanza ikipita, toka na chaki. Pale maji yalipobaki, zungushia alama. Yakiwa karibu na bomba, kaza mipira ya upande huo. Yakiwa katikati ya mteremko, kuna ziada haikubanwa: ongeza pembetatu ya tisa hapohapo. Yakiwa juu ya tyubu yenyewe, ndani ya tundu lake, kata ubao wa duara au mfuniko wa pipa la plastiki, uuweke juu ya tyubu chini ya turubai, kingo zake ukiwa umezizungushia kitambaa.