Kupanga chumba cha kuongozea pampu: kesha kwanza, chora baadaye

Mimi ni fundi umeme wa mitambo ya maji hapa Tabora. Hizi ndizo hatua ninazofuata kila nikiitwa kupanga upya chumba cha kuongozea pampu na klorini. Hata wewe wa jenereta, nyingi zitakufaa.

1. Kesha na mwendeshaji. Nenda saa nne usiku, ondoka alfajiri. Usimhoji sana, fuata mkono wake kwa macho. Kituo kimoja nilikuta swichi imefungwa kitambaa chekundu. "Fundi, hizi mbili zinafanana kama mapacha," mzee wa zamu akaniambia, "usingizi ukinizidi nitashika isiyo yenyewe." Kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia marubani wa Marekani walikuwa na shida hiyohiyo: wakitua, walichanganya mkono wa kuendeshea magurudumu na ule wa flapu, vibao vya nyuma ya mabawa. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alishauri mkono wa magurudumu uwe na umbo la gurudumu. Mzee wetu alifika palepale kwa kitambaa.

2. Orodhesha maamuzi. Maji yakishuka bwawani, nani azime nini, ndani ya dakika ngapi? Geji isiyomsaidia kuamua lolote ihamie kabati la nyuma.

3. Fuata njia ya maji. Bwawa liwe kushoto, kisha pampu, vichujio, klorini, na tangi kulia kabisa. Kupanga kwa namba za nyaya kunatufurahisha sisi mafundi tu.

4. Taa iseme kilichotokea. Hapa usiharakishe. Machi 28, 1979, kwenye mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, valvu ya kupunguza presha ilikwama ikiwa wazi. Taa yake ikazimika, kwa sababu ilichokuwa inaonyesha ni kwamba umeme wa kuifungua umekatwa. Waendeshaji wakaamini imefunga. Maji ya kupoozea yakatoroka kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

Sasa rudi kwetu. Kontakta (swichi inayovutwa na umeme) ya pampu ya klorini imevuta, taa inawaka, kumbe bomba limeziba na mji unakunywa maji yasiyotibiwa. Kwa hiyo ishara ya taa itoe kwenye kipima mtiririko kilichofungwa bombani. Bosi atalalamikia bei, mwache alalamike.

Halafu rangi. Waliokulia kwenye umeme wa laini kubwa, nyekundu kwao ni "umeme upo, usiguse". Waliotoka viwandani wengi wanajua kijani ndiyo "inaenda". Nimeona rangi zote mbili, kwa maana hizo mbili, ndani ya chumba kimoja! Chagueni utaratibu mmoja, na chini ya kila taa andika INAENDA au IMESIMAMA, maana wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani.

5. Punguza ving'ora. Kwa kila kimoja muulize mwendeshaji: kikilia utafanya nini? Akijibu "nitakinyamazisha", king'oe. Kipimo kinachotumika sana viwandani ni wastani wa king'ora kimoja kwa dakika 10 kwa mtu mmoja. Klorini ikivuja iwe na mlio wake peke yake.

6. Chumba chenyewe. Jua la jioni la Oktoba likipiga kwenye paneli, yaani ubao wa swichi na taa, hakuna taa itakayoonekana, hivyo usiielekeze magharibi. Weka kiti chenye mgongo. Na choo kiwe karibu; michoro mingi hukisahau.

7. Jaribu kwa maboksi. Chora paneli nzima kwenye maboksi kwa ukubwa wake halisi, ibandike ukutani, mwite mzee usiku. Mpe tochi, mwambie: "Klorini inavuja, pampu mbili zinaenda." Hesabu sekunde. Akishika pasipo, hamisha mchoro, mrudie tena. Mara ya mwisho tulihamisha swichi ya dharura mara tatu, na bati la paneli lilikuwa bado halijatobolewa hata tundu moja.