Kuboresha utaratibu wa kuchomelea mabomba ya chuma cha kaboni: somo kwa mafundi wa Mwanza na mwambao wa ziwa

Somo hili linahusu mabomba ya chuma cha kaboni yanayobeba maji ya shinikizo, dizeli au mvuke, yanayounganishwa kwa fimbo za kuchomelea zilizopakwa unga na mashine ya kawaida ya kuchomelea. Mfano wetu ni bomba la inchi 6 la skedyuli 40 (daraja la unene wa ukuta), lenye kipenyo cha nje cha milimita 168.3 na ukuta wa milimita 7.11. Fundi anayetengeneza mageti Igogo au Nyakato tayari anajua kushika moto; kinachomwangusha kwenye mabomba ni yale yanayofanyika kabla ya cheche ya kwanza, ndiyo maana sehemu kubwa ya somo itakaa hapo.

Hatua ya 1: Kuchonga midomo

Kila mdomo, yaani ncha ya bomba itakayounganishwa, uchongwe kwa mlalo wa nyuzi 30 hadi 37.5, ili miwili ikikutana ifanye V ya nyuzi 60 hadi 75, na uachwe ukingo butu wa takriban milimita 1.5. Kutu, rangi na mafuta yaondolewe ndani na nje, sentimita 2.5 kutoka mdomoni, mpaka chuma king'ae. Wengi husafisha nje peke yake, ilhali mkondo wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la kuchomelea, huyeyusha pia ukuta wa ndani.

Hatua ya 2: Kupanga na kushikiza

Mwanya uwe wa milimita 2.5 hadi 3, sawasawa kuzunguka bomba zima. Kipimo cha bei rahisi ni fimbo ya milimita 2.5 iliyobanduliwa unga wake, ikakunjwa na kuwekwa katikati ya midomo. Shikiza sehemu nne kwa kuchomelea kidogo kidogo, kisha unoe ncha za kila kishikizo kwa grinda mpaka ziwe nyembamba, kwa kuwa kishikizo chenye ncha nene hakiyeyuki vizuri mkondo unapokifikia. Kilichopasuka king'olewe chote. Kukifunika ni kuuzika ufa.

Hatua ya 3: Kupambana na unyevu

Hapa ndipo sisi wa kando ya ziwa tunapaswa kuwa wakali zaidi. Fimbo ya E7018 ni ya haidrojeni ndogo, na sifa hiyo hudumu unga wake ukiwa mkavu tu. Ukiiacha wazi usiku kucha kwenye kibanda cha Kirumba, unga hunyonya unyevu, haidrojeni huingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Pakiti ikishafunguliwa, fimbo zikae kwenye oveni ya nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi. Fimbo ya E6010, ya mkondo wa kwanza, ni kinyume chake: unga wake unahitaji unyevu kidogo ili ufanye kazi, kwa hiyo usiiweke ovenini kamwe.

Bomba nalo likaushwe. Ukilipasha kwa moto wa gesi asubuhi, utaona kwanza jasho likitokea juu ya chuma, kwa sababu gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji unaogeuka matone kwenye chuma baridi. Endelea kupasha hadi jasho litoweke, usilifute kwa kitambaa ukaanza kazi. Ziba pia ncha za mbali za bomba, kwani upepo wa ziwa wa alasiri ukipita ndani huharibu mkondo wa kwanza hata kama umejikinga vizuri kwa turubai nje.

Hatua ya 4: Mikondo

Mkondo wa kwanza uwe wa E6010, umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja), fimbo ikiwa upande wa chanya. Fimbo ya milimita 3.2 hutumia takriban amperi 75 hadi 125. Anza upande wa chini. Kitundu kidogo kinachotangulia moto ndicho kinachokuonyesha kwamba unapenya. Kikikua, ongeza mwendo. Saga mkondo huo, kisha ujaze na kufunika kwa E7018 kwa moto mfupi (ncha ya fimbo ikiwa karibu na chuma), ukiondoa slagi, yaani gamba la unga ulioyeyuka, yote kila tabaka.

Hatua ya 5: Kujaribu na kuandika

Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, ama amperi, ama mwanya, ama mwendo. Kata vipande vinavyopita katikati ya kiungo, uvikunje kwa nyuzi 180. Kwa kanuni za ASME (chama cha wahandisi mitambo cha Marekani), Sehemu ya IX, uwazi unaozidi milimita 3 kwenye uso uliokunjwa kwa kawaida humaanisha kipande kimefeli. Andika vipimo vilivyofaulu. Daftari hilo, na si kumbukumbu ya fundi mkuu, ndilo utaratibu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ukerewe: Shikamoo mwalimu. Sina oveni. Naweza kukausha E7018 juu ya jiko la mkaa?
Jibu: Marahaba. Hapana, kwa sababu joto la jiko huwezi kulipima na unga hupasuka. Kisanduku chenye balbu nacho hakifiki nyuzi 120. Nunua pakiti ndogo zilizofungwa vizuri, ufungue inayotosha kazi ya siku, na zitakazobaki uzipeleke kwenye mageti.

Mwanachama wa Magu: Mwalimu, mashine yangu ni ya AC (umeme unaobadili upande). Nifanyeje mkondo wa kwanza?
Jibu: Tumia E6011, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Nakuomba usitumie E6013 kwenye bomba la shinikizo. Inang'aa vizuri, lakini kupenya kwake ni kwa juujuu.

Mwanachama wa Bunda: Kwa bomba la mabati, mafundi wetu hunywa maziwa kwanza ili moshi usiwadhuru. Yanasaidia?
Jibu: Maziwa huenda tumboni, moshi wa zinki, metali iliyopakwa juu ya mabati, huenda kwenye mapafu. Ondoa zinki kwa grinda pande zote mbili za kiungo ukiwa umevaa barakoa, uchomelee mahali penye hewa, na umwonye msaidizi wako pia, maana yeye ndiye hushika bomba akiwa ameinamia moshi.