Ukitaka intaneti chomboni, anza na waya

Nilipohamia kuishi kwenye chombo cha tanga nilinunua antena ndefu kuliko zote dukani, nikaifunga kileleni mwa mlingoti, nikateremsha waya mwembamba wa mita 15 hadi kwenye ruta (kifaa kinachonasa mtandao na kuugawa) iliyokaa chini, pembeni ya meza ya ramani. Nikawasha. Simu yangu ya mfukoni ilikuwa ikikamata mtandao vizuri kuliko mtambo mzima.

Mchawi alikuwa waya. Mawimbi hupungua kila mita yanayopita kwenye waya wa antena, na ule mwembamba wangu, wa aina ya RG-58, hula zaidi ya nusu desibeli kwa mita katika masafa ya juu ya 4G. Desibeli 3 zikipotea, nusu ya nguvu imekwenda. Kwa hiyo zaidi ya robo tatu ya nilichokinasa juu kilikuwa kimeliwa njiani.

Ipeleke ruta kwenye antena, usiilete antena kwenye ruta. Tafuta ruta ya nje, yenye kasha lisiloingiza maji na antena zake humohumo ndani, kisha teremsha waya wa Etheneti unaobeba data na umeme pamoja. Huo hufika mita 100 bila shida.

Iwekwe juu kiasi gani? Jaribu kwanza, hakuna gharama. Washa simu igawe intaneti, itie kwenye mfuko usioingiza maji, ifunge kwenye henza (kamba ya kupandishia tanga) pamoja na kamba ya kuivutia chini (kamba hii usiisahau, mimi niliisahau, nikapanda mwenyewe kuifuata), uipandishe, huku chini ukipima kasi kwa kompyuta. Macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wa macho uko kama kilomita 5. Ukipanda mita 9 unakaribia 11. Mnara wa pwani nao una upeo wake, na hizo mbili hujumlishwa. Ruta yangu iko kwenye mita 9. Kileleni kunayumba mno, na kila ukarabati ni safari ya kupanda.

Muuzaji atakusifia antena ya dBi 9 au 12 (dBi hupima jinsi antena inavyoyakusanya mawimbi). Hiyo huyabana mawimbi yakawa bapa kama sahani, na chombo kikilala upande, sahani nayo inalala: huku inalenga maji, kule inalenga mawingu. Ya 5 au 6 inatosha.

Kisha chumvi. Nilifungua kiungo kimoja baada ya miezi minane, shaba imegeuka unga wa kijani unaotoka kwa kidole. Siku hizi kila kiungo nakivisha utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe: uvute mpaka uwe mwembamba, nusu ya ulivyokuwa, uzungushe kutoka chini kwenda juu, ili maji yateleze juu ya mikunjo kama juu ya vigae. Na kabla waya haujaingia tunduni, uache uning'inie kidogo chini ya tundu. Tone litadondokea hapo, si kitandani kwako.

Laini ziwe mbili, za mitandao tofauti. Vile vipau vya mtandao usiviamini. Fungua ukurasa wa ruta usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia. Karibu na -85 ni safi, ukifika -110 unaomba Mungu.

Mbali na pwani minara inakuacha, inabaki setilaiti. Za Starlink ziko kama kilomita 500 juu, ndiyo maana maongezi hayachelewi kama kwa zile za zamani za kilomita 35,786. Dishi linataka anga wazi, kwa hiyo liweke tezini (nyuma ya chombo), mbali na kivuli cha mlingoti. Iridium, mtandao mwingine wa setilaiti, ni ya polepole sana, ila inafika hadi kwenye ncha za dunia. Inatosha ujumbe mfupi na faili ndogo za hali ya hewa.

Lakini piga hesabu ya umeme. Dishi la wati 50 likiwaka saa 24 linakula wati-saa 1,200, yaani amp-saa 100 kwenye betri ya volti 12. Lilishe moja kwa moja kutoka betrini. Inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, nayo hula chake. Langu nalizima saa nne usiku. Wageni wakinuna, nawaonyesha mita ya betri.