Jinsi ya Kupima Programu ya Kuchati na Wateja Kabla ya Kuiweka Kwenye Tovuti ya Biashara

Wafanyabiashara wengi wa Mbeya wanaotaka kuwekewa kidirisha cha kuchati kwenye tovuti zao huja wakiwa tayari na jina la programu, kwa kuwa wameiona kwenye tovuti ya kampuni fulani kubwa. Hali ikiwa nzuri, programu hizi hufanana: mteja anaandika, mhudumu anajibu. Tofauti huonekana pale mtandao unapokatika au kaunta inapojaa watu na hakuna wa kujibu, na kwa hiyo hapo ndipo panapostahili kupimwa. Nitatumia mfano wa duka la pembejeo la Mwanjelwa linalouza mbegu, mbolea na pampu za umwagiliaji kwa wakulima wa Rungwe, Mbarali na Njombe.

Hatua ya kwanza ni kukusanya maswali halisi. Chukua simu ya dukani, pitia ujumbe wa wateja, na uandike maswali yao kama walivyoyauliza, pamoja na saa yalipoingia. Ikiwa mengi huingia usiku, baada ya watu kutoka shambani, basi unahitaji programu inayotunza ujumbe vizuri kuliko inayojisifia kasi ya kujibu. Tumia maswali ya Oktoba na Novemba, mvua zinapokaribia. Yale ya Aprili yatakudanganya kwamba mhudumu mmoja anatosha.

Hatua ya pili ni kuchagua programu chache za kulinganisha, na mbili au tatu zinatosha. Tawk.to hutumiwa bila malipo katika huduma zake za msingi, na hupata fedha kwa kuuza huduma za ziada kama vile kuondoa nembo yake kwenye kidirisha. Chatwoot ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, ambayo unaweza kuisimika kwenye seva (kompyuta inayohifadhi na kuendesha programu) yako mwenyewe, ila lazima awepo mtu wa kuitunza seva hiyo. Kwenye orodha weka pia kitufe cha kawaida cha WhatsApp Business, kwa sababu kwa duka lenye wahudumu wawili mara nyingi ndicho kinachoshinda, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa.

Hatua ya tatu ni kupima uzito. Fungua tovuti yako kwa kivinjari cha Chrome kwenye kompyuta, bonyeza F12, kisha nenda kwenye sehemu inayoonyesha mafaili yanayopakuliwa (Network). Pakia ukurasa kabla ya kuweka kidirisha na uandike jumla ya ukubwa wa mafaili. Weka kidirisha, futa kumbukumbu ya kivinjari, upakie tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo bando ambalo mteja analipia kabla hata hajauliza bei. Sehemu hiyo hiyo inakuwezesha kushusha kasi ya mtandao hadi kiwango cha 3G, nawe uangalie kama bidhaa na bei zinatokea kwanza au zinasubiri kidirisha. Kidirisha kikitangulia bidhaa, kipunguzie alama nyingi.

Usiishie kwenye kompyuta. Mpe mtu simu ya bei ya chini, aianzishe chati akiwa kwenye daladala ya kwenda Tukuyu, ambako mtandao huja na kupotea kadiri barabara inavyopanda na kushuka. Aandike swali moja kutoka kwenye orodha yako, kwa mfano: “Habari za kazi. Naulizia pampu ya petroli ya inchi mbili, na Makambako mnatuma?” Programu nzuri huonyesha kwamba ujumbe bado haujatoka, kisha huutuma yenyewe mtandao unaporudi. Programu mbaya huumeza: mteja anaamini ameuliza, duka halijui kama kuna aliyeuliza. Kwa maoni yangu kosa hilo peke yake linatosha kuiondoa programu kwenye orodha, hata kama mengine yote inayafanya vizuri.

Hatua ya nne ni kunyamaza kwa makusudi. Tuma swali, mhudumu asijibu, na uone mteja anaambiwa nini baada ya dakika tano. Je, anaombwa namba ya simu au barua pepe tu? Wateja wengi wa pembejeo hawafungui barua pepe, kwa hiyo fomu isiyokubali namba ya simu haitakusaidia. Kisha funga kivinjari, mhudumu ajibu, urudi baada ya saa kadhaa uone kama mazungumzo bado yapo.

Jaribu pia simu ya mhudumu ikiwa imezimwa kioo. Simu nyingi za Android hufunga programu zilizotulia ili kutunza chaji, na mlio wa ujumbe mpya hausikiki mpaka uiruhusu programu hiyo kwenye mipangilio ya betri.

Hatua ya tano ni saa na lugha. Chagua ukanda wa saa wa Afrika Mashariki, ambao uko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa (UTC), kisha andika mwenyewe maneno ya saa za kazi. Ukiiachia programu itaandika saa 8:00, na mteja wa Kyela ataielewa kuwa saa nane mchana ilhali duka hufunguliwa saa mbili asubuhi. Roboti ya kujibu, kama ipo, ipewe maswali yako bila kusahihishwa tahajia, yakiwemo ya Kiingereza kutoka kwa wanunuzi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Ikikosea bei au kuahidi kupeleka mzigo mahali ambako hupeleki, izime.

Hatua ya sita ni malipo na taarifa za wateja. Programu nyingi hutoza kwa dola, kwa kila mhudumu, kila mwezi. Tuseme bei ni dola 20, wahudumu watatu watakugharimu dola 720 kwa mwaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kwa hiyo muulize mtoa huduma seva zake ziko wapi, kisha pakua mazungumzo yote ya majaribio na umwombe afute nakala zake. Anayeshindwa kufanya hivyo kwenye majaribio hatafanya baada ya kulipwa.

Programu itakayobaki iweke kwanza kwenye ukurasa wa bei peke yake, kwa mwezi mmoja wa msimu, na kila Jumamosi uhesabu maswali yaliyoingia na yaliyojibiwa kabla ya kuisambaza kwenye kurasa nyingine.