Kupima joto la kimiminika kujiwasha chenyewe: hatua kwa hatua

Juzi nilikaa na mwenzangu mgeni maabara akipima heptani, kimiminika kimojawapo kinachopatikana kwenye petroli. Kwenye nyuzi 230 za Selsiasi iliwaka, akapandisha hadi 236, ikagoma. Alikuwa ameshaanza kulilaumu tanuri. Nilimwelewa, maana kosa hilohilo liliwahi kunilia siku nzima.

Tunachotafuta ni joto la chini kabisa ambalo mvuke hushika moto hewani bila cheche wala kiberiti. Usilichanganye na joto la kuwaka kwa kusogezewa mwali. Petroli hudaka mwali upesi kuliko dizeli, lakini dizeli ndiyo hujiwasha kwenye joto la chini zaidi.

1. Vifaa. Nafuata ASTM E659, kiwango cha Marekani cha kipimo hiki: chupa ya glasi ya borosilikati, mililita 500, kitako cha mviringo na shingo fupi, imefungwa karatasi ya alumini na kuwekwa ndani ya tanuri la umeme. Themokapo (vipimajoto vya waya) tatu zinagusa chupa kwa nje (juu, ubavuni, chini), na ya nne, nyembamba, inaning'inia katikati ya chupa. Bomba la sindano liwe la glasi, lenye sindano ndefu. Ya plastiki siitaki kabisa, vimiminika vingi huivimbisha na kipimo kinapotea. Weka kioo cha kujitazamia juu ya mdomo wa chupa kwa mshazari, uone ndani bila kuinamia. Uso wako usipite juu ya chupa hiyo hata mara moja. Kifyonza hewa kiwe kinafanya kazi.

2. Joto la kuanzia. Tafuta kwanza thamani iliyochapishwa. Kaboni disalfaidi hujiwasha karibu na nyuzi 90 hadi 100 tu, wakati asetoni hungoja hadi zaidi ya 450. Subiri themokapo zitulie.

3. Kudunga. Zima taa. Dunga mikrolita 100 za kimiminika ndani ya chupa, chomoa sindano, anzisha saa. Mwali pamoja na joto la ndani kuruka ghafla: imewaka. Mng'ao hafifu wa samawati na joto kupanda kidogo ni mwali baridi. Uandike peke yake. Kimya? Ngoja dakika 10 kamili. Ikiwaka, shusha joto, isipowaka, pandisha. Mwishoni natembea nyuzi 3 kwa 3.

4. Kubadilisha hewa ya chupa. Hapa ndipo heptani ilipogomea.

Baada ya moto, oksijeni imepungua na chupa imejaa kabonidayoksaidi, unyevu na mvuke ulioungua nusu. Jaribio lisilowaka linadanganya zaidi, kwa sababu chupa inaonekana safi kumbe mvuke wa awali bado umo. Ukidunga tena hapo, unapima mchanganyiko usioujua. Mara nyingi nambari inatoka juu kuliko ukweli, na hiyo ndiyo hatari: kuna mtu ataitumia kuamua uso wa mota au bomba uruhusiwe kufika joto gani karibu na kimiminika hicho.

Kwa hiyo, kila baada ya jaribio, liwe limewaka au la, puliza chupa kwa kipulizia hewa ya moto chenye mdomo mwembamba. Hewa baridi nayo husafisha, lakini inapoza glasi na utasubiri sana. Hewa iwe kavu, isitoke kwenye kompresa inayotema mafuta. Usiiguse themokapo ya katikati. Ikisogea kuelekea ukuta, inasoma glasi badala ya gesi. Kisha ngoja joto la ndani lirudi mahali pake kabla ya kudunga.

Dalili ninayoiamini ni muda wa kuchelewa. Ukishusha joto, muda kati ya kudunga na moto unapaswa kurefuka, kutoka sekunde chache kuelekea dakika. Ukianza kurukaruka, hewa ni chafu au glasi imeshika utando wa kahawia. Utando ukionekana, weka chupa mpya na urudie majaribio ya mwisho.

Tulipopuliza vizuri, heptani ile iliwaka tena na tena chini ya nyuzi 230.

5. Kiasi. Rudia kwa mikrolita 50, 150 na 250. Joto la chini kuliko yote ndilo jibu.

6. Ripoti. Andika joto, muda wa kuchelewa, kiasi, shinikizo la hewa siku hiyo na ujazo wa chupa. Ujazo usiuache: chombo kikubwa kwa kawaida hushusha joto la kujiwasha, na matokeo ya chupa ya mililita 200 hayalinganishwi moja kwa moja na ya 500.